Kikundi cha taarabu cha ridhaa Lamu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maelezo haya ni ya wanaofanya kazi zao mchana na kupiga muziki jioni: walimu, mafundi seremala, manahodha, wanafunzi. Mengi yanahusu ala na mazoezi, lakini sehemu kubwa inahusu kuwatafuta wapigaji na waimbaji ambao majina yao hayasikiki redioni. Kikundi kinachoiga nyimbo zile zile za harusi zinazopigwa na kila mtu hakidumu. Kikundi chenye nyimbo kilizozichukua kwa wazee wa Matondoni au Siyu kina kitu cha kuwapa watu.

Tuanze na watu wangapi, na ala zipi?

Watano wanatosha: wa udi (ala ya nyuzi za kudonoa), wa dumbaki (ngoma ya umbo la kikombe), wa tari au rika (tari ndogo yenye vibati), wa fidla au kibodi, na mwimbaji. Waitikiaji watoke humo humo. Kosa la kawaida ni kukusanya watu kumi na wawili mwezi wa kwanza. Mtu wa dumbaki asipokuja, hakuna mazoezi, na wale waliokuja hawarudi wiki ya pili. Ni bora kuwa na watu wawili wanaojua dumbaki kuliko kuwa na fidla tatu.

Kanuni, ile ala ya kulazwa yenye nyuzi nyingi, iacheni kwanza. Ina nyuzi zaidi ya 70 na kuipatanisha ni kazi ya mtu aliyefundishwa. Tashkota, ile ala ya vibonye yenye asili ya Japani ambayo Mombasa waliifanya yao, ni nzuri sana ukiipata. Huhitaji mafunzo marefu, na sauti yake kali hupenya kelele za harusi. Gita la besi lina kazi moja tu, kushikana na dumbaki, kwa hiyo wawili hao wakae karibu.

Udi wetu haukai sawa hata kwa wimbo mmoja. Tatizo ni nini?

Kwanza hakikisheni mnaupatanisha ipasavyo. Udi wa kawaida una nyuzi 11: mmoja mnene peke yake, halafu jozi tano. Mpangilio wa Kiarabu unaotumika sana, kutoka uzi mnene kwenda mwembamba, ni Do, Fa, La, Re, Sol, Do. Tumieni programu ya simu iliyowekwa kwenye La ya 440, kwa sababu kibodi nayo iko hapo. Anzeni na jozi za katikati, kisha nyembamba, mwisho uzi mnene, halafu rudieni zote mara ya pili. Mvutano wa nyuzi ukibadilika, uso wa udi unasogea kidogo, na jozi mlizozianza zitakuwa zimeshashuka.

Nyuzi mpya hushuka kwa siku mbili tatu za kwanza. Usizifunge siku ya harusi. Kama vigingi vya kukazia nyuzi vinateleza, vitoe kimoja kimoja, pakaza chokaa ya ubaoni mahali kinapogusana na tundu, rudisha huku ukikisukuma kwa ndani. Kikiwa kigumu kuzunguka, pakaza sabuni ya mche kidogo sana. Watu wengi hufanya kinyume chake, wakatia sabuni kwenye kigingi kinachoteleza, na udi haukai tena.

Halafu kuna hewa ya hapa. Chumvi hula nyuzi zilizosukwa, kwa hiyo zipanguse kwa kitambaa kikavu kila baada ya kupiga, na uwe na seti moja ya akiba. Udi usitundikwe dirishani upande wa bahari, na usiachwe juani kwenye mashua hata kwa robo saa: gundi hulegea na mbavu huachana. Ndani ya mkoba weka vifuko vya chembe za kufyonza unyevu, vile vinavyokuja na viatu na vyombo vya umeme, na uvibadilishe mara kwa mara wakati wa masika.

Tari na ngoma za ngozi zinalegea jioni. Tufanyeje?

Ziwekeni karibu na makaa, kiasi cha mkono mzima kutoka motoni, mzigeuzegeuze dakika chache, na mzipige kujaribu. Moto ukiwa karibu mno ngozi hupasuka ukingoni, na haishoneki. Dumbaki ya alumini yenye uso wa plastiki haina taabu hiyo, ndiyo maana inafaa kwa kazi za ufukweni na za boti, ingawa sauti yake ni kavu zaidi.

Kwa nini udi na kibodi vinagombana kwenye nyimbo fulani?

Kwa sababu ya makamu, yaani mipangilio ya noti ya muziki wa Kiarabu, kama Rasti, Bayati na Sika. Rasti kwenye Do inataka Mi na Si ambazo ziko katikati ya noti mbili za kibodi. Bayati kwenye Re nayo inataka Mi ya namna hiyo, na Sika yenyewe inaanzia hapo. Mpiga udi na mpiga fidla wanaipata kwa kidole. Kibodi ya kawaida haiwezi, ikipiga Mi kamili pamoja nao masikio yanauma.

Mna njia mbili. Kama kibodi ina sehemu ya kubadilisha upatanisho wa noti moja moja, shusheni Mi, na kwa Rasti pia Si, kwa senti 50, yaani robo-toni. Muhifadhi mpangilio huo kwenye kibonye kimoja ili usitafutwe jukwaani. Kama haina, mpiga kibodi apige Do na Sol tu kwenye Rasti, au Re na La kwenye Bayati, aache nyingine kwa udi. Hijazi, Nahwandi na Ajamu hazina shida hiyo, na nyimbo nyingi za pwani zenye mahadhi ya Kihindi au ya rumba hazina robo-toni kabisa. Kwa kikundi kipya, nyimbo nne za kwanza zitoke huko.

Chakacha inatushinda. Tunaonekana tunakimbia.

Chakacha, mdundo wa ngoma za harusi za pwani, ni ya mipigo sita, na ndani yake mna mbili na tatu kwa wakati mmoja. Kaeni bila ala. Mguu ugonge mara mbili katika ile sita, kwenye wa kwanza na wa nne. Viganja vipige mara tatu, kwenye wa kwanza, wa tatu na wa tano. Fanyeni polepole mpaka mtu aweze kuzungumza huku akiendelea. Kisha dumbaki ishike ile mbili, rika ishike ile tatu, na besi ikae na dumbaki. Kukimbia hutokea pale wote wanapofuata ile tatu na hakuna anayeishika mbili. Msikilizeni Zuhura Swaleh wa Mombasa, ambaye nyimbo zake zimejengwa juu ya chakacha na tashkota: zinachangamka bila kuharakishwa.

Tujifunze nyimbo ngapi kabla ya kukubali harusi?

Kumi zilizokaa sawasawa. Kila moja ikiwa na ufunguzi wa ala, beti nne au tano na viitikio, mnapata dakika nane hadi kumi, na watu wakitunza kwa pesa mnarefusha. Hapo saa moja na nusu inajaa. Katika kumi hizo angalau nne ziwe za watunzi wa Amu (Lamu), Pate au bara ya karibu.

Tunayaandikaje maneno kutoka kwenye kaseti au kwa mzee?

Andika ubeti mzima, kisha hesabu mizani. Nyimbo nyingi zina mistari mitatu kwa ubeti, kila mstari mizani 16 iliyokatika nane kwa nane, kina cha kati na kina cha mwisho. Ukipata 15 au 17, mara nyingi sikio lako ndilo limekosea: silabi imemezwa na fidla, au umesikia maneno mawili kama moja. Rudi pale pale, punguza mwendo hadi asilimia 75 kwa programu isiyobadilisha sauti, usikilize tena.

Jambo moja linaharibu nyimbo za Kiamu, lahaja ya Lamu, kuliko yote: mwandikaji kuzisafisha ziwe Kiswahili cha shule. Mshairi aliyesema *mato* alikuwa na kina cha *to*, pengine mstari wa pili unaishia *mapito* na wa tatu *majuto*. Ukiandika *macho*, kina kimekufa. *Ndia*, *nti* na *moya* (njia, nchi na moja) ziacheni hivyo hivyo, na mwimbaji afundishwe kuzitamka. Kama mwimbaji ametoka bara na zinamtatiza, mchagulieni wimbo mwingine.

Wapigaji wasiojulikana tunawapata wapi?

Ukiuliza "nani msanii mashuhuri wa zamani?" utatajiwa Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu aliyepiga udi Mombasa na kufariki 2016, na mazungumzo yataishia hapo. Anastahili kutajwa, lakini huyo umeshamjua. Uliza hivi: "Harusi yenu alipiga nani?" Kila nyumba ina jibu. Kisha uliza nani alikuwa kwenye fidla, nani kwenye dumbaki, na maneno aliyatunga nani. Vikundi vya pwani ya Kenya viliitwa kwa jina la kiongozi, kama Maulidi Musical Party au Zuhura & Party, na karatasi ya kaseti mara nyingi haikuwataja waliokaa nyuma yake. Hao ndio unaowatafuta. Wengine bado wapo, wana duka, au wanasomesha chuo cha Kurani.

Nendeni baada ya Alasiri, wakati baraza zina watu, na msiende kundi zima. Wawili wanatosha, mmoja wao awe anajulikana mtaani. Msianze kwa kutoa simu. Toeni salamu, ulizeni hali, mjitambulishe watoto wa nani, ndipo mseme shida yenu. Kwa mzee inatosha: "Bwana, sisi ni vijana tunaojifunza taarabu. Tumeambiwa wewe ulikuwa ukipiga. Tungependa kusikiliza, na kama utaridhia, siku nyingine turekodi." Siku ya kwanza ni ya kusikiliza tu. Wengine wameiacha ala kwa sababu za dini na hawapendi kukumbushwa hadharani. Likidokezwa hilo, waulizeni kuhusu mashairi badala ya muziki, na mara nyingi hapo mlango hufunguka.

Kwa akina mama, waende akina mama. Vugo, inayopigwa kwa pembe za nyati, na lelemama, ngoma za wanawake, zina nyimbo ambazo hakuna mwanamume atakayeimbiwa sebuleni, na viongozi wake ni hazina ambayo vikundi vya wanaume huipita kila siku bila kujua. Msichana mmoja wa kikundi chenu anayekaa na bibi yake jioni tatu ataleta nyimbo kuliko safari ya Mombasa.

Msiishie mji wa Lamu. Shela, Matondoni, Kipungani, Faza, Kizingitini na Witu kila mahali pana namna yake, na mabaharia hujua nani anapiga wapi.

Na nje ya Lamu, tusikilize nani?

Mkusanyo wa santuri wa *Zanzibara*, juzuu ya 2, una rekodi za Mombasa za 1965 hadi 1975 na ni mahali pazuri pa kuanzia kwa sababu unakutanisha vikundi vikubwa na vilivyosahauliwa. Msikilizeni Matano Juma, na Yaseen na kikundi chake. Kutoka Tanga sikilizeni Black Star na Lucky Star, waliotia magita na mwendo wa dansi ndani ya taarabu, na kikundi kisicho na fidla kitajifunza mengi kwao. Mwenye saksafoni au tarumbeta aende kwa mtindo wa bango wa Mzee Joseph Ngala wa Freretown. Kwa kumbukumbu za zamani zaidi, maktaba ya muziki wa Afrika ya ILAM (International Library of African Music) iliyoanzishwa na Hugh Tracey mwaka 1954, sasa iko Makhanda, Afrika Kusini, ina rekodi za pwani ya Kenya. Na anayetaka kusomea udi au kanuni kwa mwalimu, Zanzibar kuna chuo cha Dhow Countries Music Academy pale Mji Mkongwe.

Msikilize wimbo mmoja kwa wiki nzima, kila mtu akifuata ala yake. Kuruka nyimbo ishirini kwa jioni moja hakumfundishi mtu kitu.

Tumepewa kaseti za zamani. Tunazinakili vipi bila kuziharibu?

Hapa ndipo hasara kubwa hutokea, kwa hiyo nendeni taratibu. Kabla ya kuiweka kaseti kwenye mashine, itazame kupitia kidirisha. Unga mweupe kwenye utepe ni ukungu: usiipige, itaambukiza mashine na kaseti zinazofuata. Iweke peke yake kwenye mfuko na umtafute fundi. Angalia pia kile kisponji kidogo cha katikati, kilichokaa juu ya kibati chembamba. Kaseti zilizokaa kwenye joto mara nyingi kimebanduka, na bila hicho sauti huwa hafifu na ya kupandashuka. Kinatolewa kwenye kaseti nyingine isiyo na thamani. Kasha la skrubu tano hufunguka kwa urahisi. Lililogundishwa lazima lipasuliwe na utepe uhamishiwe kasha jipya.

Safisha kichwa cha mashine na kile kigurudumu cha mpira kwa pamba ya kijiti na spiriti ya dukani yenye nguvu ya asilimia 90 au zaidi. Fanya hivyo kabla ya kila kaseti, kwa sababu tepe za zamani huacha unga wa kahawia. Endesha kaseti mbele mpaka mwisho na uirudishe mara moja ili utepe ulioganda ujiachie. Halafu, ikipiga, zungusha polepole ile skrubu ndogo iliyo kando ya kichwa mpaka rika na fidla zisikike kwa ukali wake wote. Kila kaseti ilirekodiwa kwenye mashine tofauti, kwa hiyo marekebisho haya yafanywe kila mara. Wengi hawajui hatua hii na hudhani kaseti imefifia, kumbe kichwa kimekaa upande.

Pitisha waya kutoka tundu la kutolea sauti hadi kompyuta. Usirekodi kwa simu mbele ya spika. Rekodi faili la WAV, biti 24, kilohezi 48, na kilele cha sauti kisizidi desibeli 6 chini ya sifuri. Kaseti ya C-60 ina dakika 30 kila upande: rekodi upande wote bila kusimamisha, pamoja na maneno kati ya nyimbo, kwani huko ndiko yanakotajwa majina. Msiondoe mikwaruzo kwenye nakala ya asili. Mkitaka, fanyeni nakala nyingine ya kusikilizia.

Jina la faili liwe na mwimbaji, mahali, mwaka kama unajulikana, na upande A au B. Pigeni picha kasha na karatasi yake. Wekeni nakala tatu, moja nje ya kisiwa. Kaseti irudi kwa mwenyewe siku mliyoahidi, pamoja na nakala kwenye kadi ya simu ili wajukuu wasikie.

Tunaruhusiwa kuimba na kurekodi nyimbo za watu?

Kuimba harusini ni desturi, na adabu yake ni kumtaja mtunzi na aliyeimba kwanza kabla ya kuanza. Kurekodi na kusambaza ni jambo jingine. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inalinda utungo mpaka miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka aliofariki mtunzi, na rekodi miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka iliporekodiwa. Kaseti ya 1982 basi inalindwa mpaka mwisho wa 2032, na kama mshairi alifariki 2005 maneno yake yanalindwa mpaka mwisho wa 2055. Nendeni kwa familia, mpate idhini kwa maandishi yenye jina la wimbo, matumizi na mgawo wa mapato. Haki hupatikana bila kusajili, lakini tungo zenu wenyewe zisajilini kwa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya ili muwe na ushahidi.

Mazoezi tufanye wapi na lini?

Mara mbili kwa wiki, kwa muda wa saa mbili kila mara, baada ya Isha au kati ya Alasiri na Magharibi. Mtaa wa Lamu ni mwembamba, kuta ni za mawe na chokaa, na sauti ya dumbaki inafika nyumba ya tano. Tundikeni mikeka na magodoro ukutani, mfunike dumbaki kwa kitambaa, na mzime ala adhana ikianza. Ramadhani hakuna mazoezi. Mfunguo Sita, mji unapojiandaa kwa Maulidi na kasida za msikiti wa Riyadha, wapigaji wengi wa tari wana kazi huko, kwa hiyo msipange shughuli yoyote.

Vipaza sauti vinapiga mluzi. Tupange vipi?

Spika zikae mbele ya mstari wa maikrofoni, zikiwatazama watu. Ua uliozungukwa na kuta hurudisha sauti, kwa hiyo zielekezeni kwa pembe kidogo, si moja kwa moja kwenye ukuta ulio mbele. Kwa ua wa watu 80 hivi spika mbili za inchi 12 zinatosha. Maikrofoni ya udi ikae sentimita 15 hadi 20 kutoka uso wa udi, ikielekea katikati ya tundu kubwa na mahali nyuzi zinapofungwa. Ikielekea tunduni penyewe sauti huvuma. Mluzi ukitokea, shusheni udi kwanza, kisha sauti kali za mwimbaji. Watu hukimbilia kushusha kila kitu, wakaua wimbo.

Pesa za kutunzwa zigawanywe vipi?

Kubalianeni kabla ya harusi ya kwanza, kwa maandishi. Mpango unaofanya kazi ni huu: zote ziingie sahani moja, hata zile alizobandikwa mwimbaji kipajini. Itolewe nauli, kisha fungu la kumi la nyuzi na waya, kisha fungu la mzee au familia mliyochukua kwao nyimbo za usiku ule, halafu zilizobaki sawa kwa sawa. Mwimbaji akidai zaidi kwa sababu yeye ndiye aliyetunzwa, mkumbusheni ni dumbaki iliyowainua wale watu vitini. Fungu la familia lipelekwe kesho yake, kwa mkono, na mmoja wenu aandike kwenye daftari jina, wimbo na kiasi.